Cherehani Namba Kumi na Nne

Barua iliingia Jumanne, saa nne na robo asubuhi, wakati Mratibu ana gundi mpaka viwikoni.

Gundi yenyewe ilikuwa ya unga wa ngano, uliopikwa kama uji mzito. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya shirika lao dogo: unachukua maboksi matupu ya dukani, unayakata, unayapaka uji, unayabandika moja juu ya jingine tabaka sita, unayakandamiza kwa mawe, na baada ya siku nne una ubao ambao mtu mzima anaweza kuukanyaga kwa kisigino. Kwa ubao huo walitengeneza viti vya watoto ambao migongo na shingo zao hazijishikilii. Kila kiti kwa kipimo cha mtoto mmoja, kama suti. Mtoto aliyezoea kulala chali akitazama dari, siku ya kwanza ya kukaa kitini hujikuta anatazamana na mama yake ana kwa ana, na mama hulia. Mratibu alishawaona akina mama mia moja na kumi na wawili wakilia hivyo, na hakuwahi kuzoea.

"Simu yako inalia," alisema muuza mkaa, ambaye binti yake wa miaka mitano alikuwa amelala mkekani akingoja kiti hicho Mratibu alichokuwa anakibandika.

"Ibonyeze, niwekee sikioni."

Ilikuwa sauti ya Afisa wa Mali, kijana wa ofisi ya wafadhili mjini, ambaye kila mwaka alikuja kuhesabu viti, meza na ndoo. "Mama, umesoma barua pepe?"

"Bado. Mikono ina gundi."

"Sera ya misaada imebadilika huko kwao. Fedha zote za nje zimesimamishwa. Inabidi mwache shughuli mara moja."

"Mara moja lini?"

"Mara moja sasa, mama."

"Mwanangu, hapa mbele yangu pana kiti kimebakiza tabaka mbili. Nikikiacha kitakauka kimepinda, na mtoto naye atapinda nacho."

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa. "Barua haisemi kitu kuhusu gundi."

"Basi nitaisoma baada ya tabaka mbili."

"Hayo mimi sijayasikia," alisema Afisa, akakata simu kwa adabu.

"Wafadhili?" aliuliza muuza mkaa, na tayari alikuwa anajifunga kilemba upya, kwa mazoea. "Wanakuja lini?"

"Safari hii hawaji," Mratibu alisema, akichota uji mwingine. "Wanaondoka."

* * *

Nyumbani jina lake lilikuwa Bosi. Mumewe alimpa jina hilo siku alipopata cheo, kwa utani, na utani ukaganda. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa kushona, mnene, mwepesi wa kicheko, mwenye tepu shingoni hata wakati wa kula. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mbele ya nyumba yao ya kupanga, na ndani yake mlikuwa na vyerehani viwili: cha miguu, kilichorithiwa, na cha umeme, kilichonunuliwa kwa akiba ya miaka mitatu.

"Bosi! Saa saba uko nyumbani? Ofisi imeungua?"

"Imefungwa."

"Nani amekufa?"

"Mradi."

Fundi alizima cherehani. "Pole. Ulikuwa umeugua siku nyingi?"

Mratibu alicheka bila kutaka. Ndivyo alivyokuwa mume huyu; hata kwenye msiba mtu humwombea akae mbali kidogo, asije akamchekesha mbele ya wakwe.

"Na mshahara?" aliuliza mama mkwe kutoka kona yake ya vifungo na pasi. Bibi alikuwa na masikio mazuri kwa maneno aliyoyapenda.

"Wa mwezi huu upo, mama. Nikishakabidhi mali zao zote Ijumaa na kupewa hati safi. Na barua ya sifa."

"Sifa zinalipa kodi?"

"Zinaweza. Lile shirika la visima nimelipigia simu njiani, limeniita Jumanne ijayo. Fedha zao zinatoka kwingine. Wamesema nije na barua ya wafadhili wa zamani."

"Basi hatufi," Fundi alisema, akipiga kofi rundo la kitambaa cha buluu. "Tuna mshahara mmoja, tuna barua, na tuna sketi sitini. Shule inafunguliwa Jumatatu, mwalimu mkuu ameniapia atalipa zote kwa mkupuo. Kwa huyu wa umeme nashona kumi na tano kwa siku. Kwa yule wa miguu nashona nne, na siku ya pili nalala na goti kwenye maji ya moto."

Mratibu alikaa kwenye benchi la wateja akafungua orodha iliyoambatishwa kwenye barua. Alianza kuisoma kwa sauti, kwa sababu Bibi alipenda kusomewa. Meza, namba moja mpaka tatu. Kompyuta, namba nne. Ndoo za plastiki, namba tisa na kumi.

"Hata ndoo?" Bibi alishangaa.

"Hata ndoo, mama."

"Ndoo ina namba," Fundi alisema, "na mimi, fundi wa miaka ishirini, sina."

Mratibu hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama. Cherehani cha umeme, namba kumi na nne. Hali: nzuri sana.

Wote watatu wakageuza shingo kuitazama ile stika ya fedha, yenye namba kumi na nne, iliyobandikwa ubavuni mwa cherehani cha Fundi.

* * *

Ilivyotokea ni jambo ambalo watu wa mashirika tu ndio wangeweza kulifanya, tena kwa moyo safi.

Cherehani cha shirika, kilichonunuliwa kushona mikanda na mito ya viti, kilikuwa pacha wa kile cha Fundi. Duka lile lile, rangi ile ile, kwa ushauri wake Fundi. Miaka miwili nyuma umeme ulipanda ghafla kikaungua, siku tatu kabla ya wakaguzi kufika. Kwenye bajeti hapakuwa na fungu la matengenezo. Fungu la semina lilikuwepo mara mbili. Mratibu, akiogopa kuonekana mzembe, aliibandua ile stika taratibu kwa mvuke wa birika, akaibandika kwenye cherehani cha mumewe, akakiazima kwa siku moja. Wakaguzi wakakipiga picha, wakaandika mpaka namba ya kiwandani iliyochongwa kwenye chuma. Wakasifu utunzaji.

Mwaka uliofuata kikaazimwa tena. Majirani waliokiona kinapita juu ya mkokoteni walisema kina safari nyingi kuliko diwani. Katikati ya safari hizo Fundi mwenyewe ndiye aliyeshona mikanda yote, jioni, bure, na Mratibu akaandika kwenye ripoti kwamba namba kumi na nne inafanya kazi vizuri sana.

"Tuibandue," Fundi alisema sasa, akiikwaruza kwa kucha.

"Haitoshi. Namba ya kiwandani waliichukua. Kwa karatasi zao, hiki ni chao."

"Na kile kilichoungua?"

"Kipo stoo, chini ya maboksi."

"Wape hicho."

"Wataniuliza kwa nini kimekufa wakati mimi nimeandika kizima mara mbili. Hapo hati safi hakuna, wala barua ya sifa."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Mkaza mwanangu, nielewe vizuri. Ukisema kweli, kazi ya visima hupati. Ukisema uongo, cherehani kinaondoka."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nilidhani nimeelewa vibaya."

* * *

Jumatano Mratibu alikwenda dukani. Mwenye duka hilo alikuwa rafiki mkubwa wa shirika: alikuwa akimwekea maboksi matupu, na kumuuzia unga kwa gunia, akijigamba kwa wateja kwamba Mheshimiwa Mratibu analisha gundi kuliko watu wengine wanavyolisha watoto. Siku hiyo habari ilikuwa imeshamfikia.

"Karibu, dada," alisema.

Lile neno dada lilimgusa mahali. Jumatatu asubuhi alikuwa bado mheshimiwa.

"Nipe unga nusu kilo."

"Nusu?" Mwenye duka alikishusha kile kichoteo chake kikubwa cha gunia, akatafuta kijiko. "Wa gundi au wa kula?"

"Wa kula."

"Na risiti niandike ya nani?"

Wateja wawili waliokuwa nyuma yake walitazama viatu vyao kwa makini. Mratibu alijibu kwamba safari hii hahitaji risiti, akalipa, akatoka na kifurushi kidogo kiasi kwamba hakujua akibebe kwa mkono mmoja au miwili. Njiani akakutana na watu watatu waliomwuliza kama ni kweli, na mmoja aliyemwuliza kama ile kompyuta wataiuza.

* * *

Alhamisi jioni sketi ishirini na tisa zilikuwa zimekunjwa juu ya kitanda cha wageni. Bibi alikuwa amekwenda kulala na redio yake. Mume na mke walibaki kibandani.

"Nimeamua," Mratibu alisema. "Kesho nasema kweli. Karatasi za manunuzi ya kwanza ninazo, zina namba ya kile kilichoungua. Asubuhi napitia kutoa nakala, kisha nampelekea Afisa."

"Na visima?"

"Visima vitachimbwa na mwingine."

Fundi aliivuta tepu shingoni akaanza kuikunja, jambo alilolifanya anapofikiri. "Bosi, nikuulize. Mimi nikimpa mtu kitu changu, mwenyewe kwa mikono yangu, huo nao ni uongo?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Cherehani ni changu. Nikiamua kuwapa wazungu wa watu, nani atanizuia? Wewe unapata kazi, mwakani unaninunulia kingine, tena kipya."

"Na sketi thelathini na moja?"

"Goti litajua."

"Goti lako halijui hata ngazi. Nenda kalale, baba."

Akaenda. Mratibu alidhani mazungumzo yameisha. Miaka kumi na minne ya ndoa, na bado hakuwa amejifunza kwamba mume wake anapotii haraka hivyo, kuna kitu.

* * *

Kwenye duka la kutoa nakala palikuwa na foleni, na mashine ilikuwa inatafuna karatasi. Alipofika ofisini saa tatu na nusu, lori dogo lilishapaki mlangoni. Meza zilikuwa zimelala kifudifudi. Ndoo namba tisa na kumi zilikuwa zimepandana. Na katikati ya chumba, akitokwa jasho, tepu shingoni, alikuwa amesimama mumewe, akimsimulia Afisa kisa cha bwana harusi aliyenenepa kati ya kupima na kuvaa. Afisa alikuwa anacheka mpaka kalamu inamtoka mkononi.

Cherehani kilikuwa juu ya mizani ya kupimia mzigo.

"Mama, karibu!" Afisa alisema. "Mzee wako ametusaidia sana, amekuja nacho mwenyewe tangu saa mbili. Namba kumi na nne, hali nzuri sana. Bado kinanukia mafuta. Nimeshasaini, bado wewe tu."

Muuza mkaa naye alikuwepo, amekaa kwenye mkeka na binti yake mapajani, amekuja kuchukua kiti kabla hakijapakiwa.

Mratibu aliitazama fomu. Sanduku la saini yake lilikuwa tupu na safi, na chini yake barua ya sifa ilikuwa tayari imechapwa, imegongwa muhuri. *Mwaminifu*, ilisema mstari wa pili. *Mwangalifu wa mali*. Alijua kwamba akishika kalamu tu, yote yamekwisha, na hakuna hata mtu mmoja chumbani humo ambaye angemlaumu.

"Hicho si chenu," alisema.

"Bosi," Fundi alisema kwa upole. "Nyamaza."

"Ni cha mume wangu. Chenu kipo stoo, kimeungua tangu miaka miwili iliyopita. Nilihamisha stika. Namba ya kweli hii hapa." Akataka kuweka nakala mezani, akakumbuka kwamba meza imelala, akamkabidhi Afisa mkononi.

Afisa alisoma. Akasoma tena. Kicheko kilikuwa kimemwishia usoni kidogo kidogo. "Mzee, ni kweli?"

"Mimi nimewapa," Fundi alisema. "Zawadi. Watu hupeana."

"Zawadi haina safu kwenye fomu."

"Ongeza safu, mwanangu. Rula hii hapa."

"Mama," Afisa alimgeukia Mratibu, karibu kwa kumsihi, "kwa nini unaniambia? Nilikuwa nimeshasaini."

Mratibu alikuwa amejiandalia maneno njiani, maneno mazuri ya kiofisi. Hayakuja.

"Kilipoungua ningeandika tu, kimeungua. Mngekasirika wiki moja. Lakini niliogopa. Kila kitu hapa tulikifanya kwa woga kwamba mtaona kasoro moja muondoke, na hawa watoto wabaki chali. Nikapiga deki, nikabandika stika, nikaandika vizuri sana, vizuri sana. Na sasa mmeondoka vile vile. Wala si kwa sababu ya cherehani. Sasa nimebaki naogopa nini? Kirudishe chombo cha mtu."

Binti wa muuza mkaa alicheka peke yake, kwa sababu nzi alikuwa ametua kwenye pua ya mama yake.

Afisa aliichukua ile barua ya sifa, akaikunja, akaitia mfukoni mwake badala ya kuichana. "Hii sitaweza kuitoa. Na mshahara wa mwezi huu utashikiliwa mpaka waamue thamani ya kilichoungua. Lazima niandike."

"Andika."

Aliifungua kompyuta yake ya mkononi, akaandika muda mrefu. Alipomaliza alipiga chafya, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi mwenyewe mwisho wangu Jumatatu. Hii kompyuta ninayoandikia ina namba mia mbili na sita. Nikitoka kwenu naenda kuikusanya kutoka kwangu."

"Utaikagua hali yake?" aliuliza Fundi.

"Nitaandika nzuri sana."

Hapo wakacheka wote, kicheko kifupi. Vijana wa lori wakatoa stoo kile cherehani kilichokufa, na nyuma yake, kwa kuwa yalikuwa njiani, mafungu kumi na moja ya maboksi, na pipa la unga lililobaki robo.

"Na haya?" Afisa aliuliza.

"Hayana namba," alisema Mratibu.

Afisa alipitisha kidole kwenye orodha, kutoka juu mpaka chini, kwa haki kabisa. "Ni kweli. Basi sijayaona."

Muuza mkaa alikuwa tayari ameshasimama. Mgongoni amemfunga binti, kichwani amejitwika kiti, na kwapani, bila kuulizwa, amekumbatia fungu la kwanza la maboksi. "Uani kwangu pana kivuli," alisema kwa ukali kidogo, kama mtu anayetarajia kubishiwa. "Mawe yapo. Uji wenu huo nimeutazama wiki sita, siwezi kushindwa kuupika. Mikanda tutaona."

* * *

Walirudi na cherehani kwenye mkokoteni, Fundi akivuta, Mratibu akisukuma. Kwa urefu wa mtaa mzima Fundi hakumsemesha mkewe. Alikuwa mtu ambaye hasira hazimkai, na alionekana anazishikilia kwa nguvu zisimtoroke.

"Fundi, unahama?" aliuliza kinyozi.

"Narudi kutoka hija."

Mbele ya duka, mwenye duka alitoka nje kutazama. Mratibu alimsalimia kwanza, kwa sauti, wakapita.

"Nilikuwa nimekufanyia jambo kubwa," Fundi alisema hatimaye, akiwa amempa mgongo. "Nimebeba chuma kile tangu alfajiri. Sijawahi kufanya jambo kubwa hivyo, na wewe umeliharibu mbele ya watu."

"Najua, baba."

"Ungeniacha angalau mpaka mchana."

"Nisamehe."

"Mshahara hamna, barua hamna. Tuna nini sasa?"

"Sketi thelathini na moja."

"Thelathini na moja," alirudia, na mabega yake yakaanza kutikisika, na haikuwa kwa uzito wa mkokoteni.

Bibi aliwapokea mlangoni, akakihesabu cherehani kwa macho, akamhesabu mkaza mwanawe, akasema tu kwamba chai ipo na nusu siku imeshapotea. Fundi akachomeka waya. Cherehani kikanguruma. Mratibu alivua viatu vya ofisini, akavisukuma chini ya benchi, akaketi mbele ya cherehani cha miguu, ambacho mara ya mwisho alikigusa akiwa mchumba.

"Mapindo ya chini," Fundi alisema, akimrushia sketi. "Vidole viwili, mstari mmoja, usikimbie."

Alikanyaga. Alikanyaga kwa bidii mpaka kibanda kikatetemeka, na baada ya robo saa, jasho likimtiririka, aliinyoosha sketi yake ya kwanza mbele ya mumewe kama mtoto anayeonyesha daftari. Fundi aliishika, akaipeleka kwenye mwanga, akaufuata mshono kwa kidole kutoka mwanzo, ulipoanza vizuri, mpaka ulipopinda, ukapanda, ukashuka, ukaishia mahali pasipokuwa pake kabisa. Bibi alisogea kutazama. Akarudi kwenye vifungo vyake.

"Vipi?" Mratibu aliuliza.

Kwa miaka sita alikuwa amesomewa tathmini na watu wa kila aina, kwa lugha laini, kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na mara zote alitoka bila kujua kama wamempenda au wamemchoka. Fundi alimrudishia sketi, akampa na wembe.

"Fumua."

"Yote?"

"Yote, Bosi. Kisha anza tena."

Akaipokea, akavuta kiti karibu na mwanga, akaanza kufumua.